Angel Island: Nyumba Yenu Ina Ngazi Ngapi?

Leo ninaanza na mtihani. Nyumba ya babu yako kule kijijini, mlango wake mkubwa umeelekea wapi: mashariki, magharibi, kaskazini au kusini? Mlangoni hapo pana ngazi ngapi? Ukisimama ukatazama nje, nyumba ya tatu mkono wa kushoto ni ya nani? Mwenye nyumba hiyo ana watoto wangapi, na wa pili wao anaitwa nani? Chombo cha mchele kinakaa pembe gani ya nyumba? Na unapojibu, kumbuka kwamba baba yako ameketishwa chumba kingine, anaulizwa hayo hayo. Majibu yenu yakipishana, baba anabaki nchi kavu, wewe unarudishwa melini.

Maswali ya aina hiyo waliulizwa watu kwa miaka 30, tangu mwaka 1910 hadi 1940, kwenye kisiwa kilicho katikati ya ghuba ya San Francisco, magharibi ya Marekani. Kisiwa chenyewe kinaitwa Angel Island, yaani Kisiwa cha Malaika. Jina hilo lilitolewa na nahodha wa Kihispania, Juan Manuel de Ayala, aliyetia nanga hapo mwaka 1775 na kuwakuta wenyeji wa asili, Wamiwok wa pwani. Nimepata bahati ya kukitembelea, na leo nataka nikutembeze.

Unapanda feri San Francisco. Abiria wengi macho yao yako Alcatraz, kile kisiwa cha gereza ambacho watengeneza sinema wamekipa umaarufu dunia nzima. Angel Island kiko mbele zaidi, ni kikubwa kuliko Alcatraz mara nyingi, kina kilima na misitu, na siku hizi ni hifadhi ya jimbo la California. Watu huja na baiskeli na vikapu vya chakula kupumzika. Feri inafunga kwenye hori ndogo iitwayo Ayala Cove, ambapo zamani palikuwa na karantini ya meli. Kutoka hapo unaifuata barabara inayokizunguka kilima hadi upande wa kaskazini mashariki. Ukitembea unaliona daraja la Golden Gate, unaiona miji ya ng'ambo, unaziona mashua zenye matanga meupe. Kisha barabara inashuka kuelekea baharini, na chini yako linatokea jengo la mbao la ghorofa mbili. Hilo ndilo bweni la waliozuiliwa.

Kwa nini kituo cha uhamiaji kiwekwe kisiwani? Sisi wa pwani jibu tunalijua. Nani asiyekijua kisiwa cha Changuu pale mbele ya mji wa Unguja, chenye jengo lililokusudiwa kuwa gereza, na chenyewe kikaishia kuwa karantini ya wasafiri wa meli? Maji ni ukuta usiohitaji fundi. Maofisa wa San Francisco walisema wazi walichokitaka: mgonjwa asiambukize mji, mtu asitoroke, na zaidi ya yote, anayesubiri kuhojiwa asipate kuzungumza na ndugu zake walioko mjini. Kabla ya hapo Wachina walikuwa wanafungiwa kwenye banda la kampuni ya meli pale gatini, mahali pachafu na pa hatari, na Wachina wa mjini walilalamika sana. Tarehe 21 Januari 1910 kituo kipya kikafunguliwa.

Huenda umewahi kusikia habari za Ellis Island, kisiwa cha New York, kilichofunguliwa mwaka 1892. Zaidi ya watu milioni 12 walipita pale, wengi wao kutoka Ulaya. Mtu alishuka, akapangwa foleni, akapimwa macho na kifua, akaulizwa maswali machache, na kwa kawaida baada ya saa chache alikuwa huru kwenda zake. Waliorudishwa walikuwa kama wawili katika kila mia. Wamarekani wanaisimulia Ellis Island kwa fahari, na wengi huwapeleka watoto wao kuona babu zao walipoingilia. Angel Island ilikuwa ya nchi hiyo hiyo, ya serikali hiyo hiyo, na kwa muda mrefu ilifanya kazi wakati mmoja na mwenzake. Huku lakini mtu alikaa wiki mbili au tatu, mwingine miezi. Mwanamke mmoja wa Kichina, Quok Shee, mke wa mfanyabiashara, alizuiliwa tangu mwaka 1916 hadi 1918, karibu miaka miwili, bila kosa lolote la jinai.

Tofauti hiyo ilitoka kwenye sheria, kwa hiyo tusimame hapo kidogo.

Dhahabu ilipogunduliwa California, Wachina wa jimbo la Guangdong walikuja kwa maelfu kama walivyokuja watu wa mataifa mengine. Nchi hiyo waliiita Mlima wa Dhahabu. Dhahabu ilipopungua, wao ndio walioipasua milima ya Sierra Nevada kwa baruti na sururu kupitisha reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani, ikamalizika mwaka 1869. Kazi ilipokuwa adimu, wafanyakazi weupe na wanasiasa wao wakapata wa kumlaumu. Mwaka 1882 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na Mchina yeyote asipewe uraia wa kuomba. Ilikuwa sheria ya kwanza ya nchi hiyo kulifungia mlango taifa moja la watu kwa jina lake. Iliwekwa kwa miaka 10, ikaongezwa, na baadaye ikafanywa ya kudumu. Na hapa msikilizaji wa Afrika atashangaa: sheria ya mwaka 1870, iliyopitishwa baada ya utumwa kukomeshwa, ilikuwa imewaruhusu watu wenye asili ya Afrika kuomba uraia wa Marekani. Mchina hakuruhusiwa.

Mlango haukufungwa wote. Mfanyabiashara aliruhusiwa, na mwanafunzi, na mwalimu, na mwanadiplomasia. Palikuwa na upenyo mwingine pia, na ulifunguliwa na mpishi mmoja. Anaitwa Wong Kim Ark. Alizaliwa San Francisco mwaka 1873, wazazi wake Wachina. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya China, maofisa wakamzuia, wakasema huyu si raia. Alishikiliwa melini miezi kadhaa huku kesi yake ikipanda ngazi za mahakama. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua: aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, hata kama wazazi wake ni wageni. Hukumu hiyo ndiyo inayotajwa hadi leo kila Wamarekani wanapobishana kuhusu uraia wa kuzaliwa. Na kama baba ni raia, watoto wake, hata waliozaliwa China, nao wana haki ya kuingia.

Kisha ardhi ikatetemeka. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko liliubomoa mji wa San Francisco na moto ukaumalizia. Kumbukumbu za vizazi zilizokuwa kwenye jengo la halmashauri ya jiji ziliteketea zote. Tangu siku hiyo, Mchina akisema, "Nimezaliwa hapa, cheti changu kimeungua," hapakuwa na karatasi ya kumkanusha. Akishatambuliwa kuwa raia, akisafiri kwenda China na kurudi, anatoa taarifa: nimepata mtoto wa kiume. Safari nyingine, wa kiume tena. Mtoto angeweza kuwa wa kweli, au nafasi tupu ya kumuuzia kijana wa jirani, wa ukoo, au mtu baki. Vijana walioingia hivyo waliitwa watoto wa karatasi. Bei iliyozoeleka ilikuwa dola 100 kwa kila mwaka wa umri. Kijana wa miaka 15 alilipa dola 1,500, deni la kulifanyia kazi miaka mingi kwenye dobi na mikahawa.

Serikali nayo haikulala. Ikajua kwamba wanadanganya, ikaanza kuwadhania wote kuwa waongo. Na kwa kuwa karatasi hazikuwapo, ikabuni mtihani wa kumbukumbu, ule niliouanza nao.

Chumbani walikaa maofisa wawili, karani wa hatimkato na mkalimani. Mkalimani hubadilishwa kila shahidi anapobadilika, wasije wakapanga. Mhojiwa hana wakili. Mahojiano huchukua siku mbili, tatu au zaidi, maswali kwa mamia. Bibi mzaa mama alikufa lini, akazikwa wapi? Kijijini mna mbwa? Nyumba zimepangwa safu ngapi? Sakafu ya chumba cha kulala ni ya udongo au ya matofali? Baada ya hapo anahojiwa baba, halafu mashahidi wengine, na kurasa zinalinganishwa mstari kwa mstari.

Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Angel Island iliupindua msemo huo. Mwongo alijiandaa. Alinunua kitabu cha majibu kilichochorwa hadi ramani ya kijiji, akakisoma mwezi mzima melini, akakitupa baharini kabla meli haijaingia ghubani. Akisahau, wapishi wa Kichina waliokwenda mjini siku zao za mapumziko walimletea vikaratasi kwa siri, vingine vimefichwa ndani ya maganda ya karanga. Mkweli je? Mkweli aliijua nyumba yao kama wewe unavyoijua yenu, kwa kuishi ndani yake, na anayeishi ndani ya nyumba hahesabu ngazi zake. Baba ameondoka miaka 10 iliyopita, anakumbuka mlango wa zamani. Mtoto anakumbuka mlango mpya uliotengenezwa baada ya mafuriko. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wameshindwa.

Ushahidi wa hilo unao jina ambalo umeshalisikia. Mwaka huo huo wa 1910 kituo kilipofunguliwa, mwana mkubwa wa Wong Kim Ark, yule aliyeshinda kesi Mahakama Kuu, alifika kuungana na baba yake. Maofisa walidai majibu ya baba na ya mwana hayalingani, wakamkataa. Miaka ya 1920 walikuja wengine watatu, hao wakakubaliwa kuwa wanawe. Matokeo ya namna hiyo yaliwafundisha watu wote somo moja, hata wenye haki zao kamili: usiingie chumba kile bila kukariri. Hivyo basi familia halali nazo zikaanza kununua vitabu vya majibu, maofisa wakaona majibu yamenyooka mno, wakaongeza maswali magumu zaidi. Sheria iliyokusudia kuukamata uongo ikaufanya uongo kuwa maarifa ya lazima.

Ndani ya bweni, vitanda vya chuma vimepandishwa vitatu vitatu, na nafasi kati ya safu na safu inatosha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Madirisha yalikuwa na wavu wa chuma. Wanaume walilala peke yao, wanawake na watoto wadogo mahali pengine, na mume na mke hawakuruhusiwa kuonana mpaka kesi iishe. Milango ilifungwa kwa nje. Chakula kilikuwa kibaya kiasi kwamba watu walifanya fujo zaidi ya mara moja. Mwaka 1922 wanaume walianzisha chama chao cha kujiongoza, kilichowapokea wageni wapya, kuwasomesha watoto na kupeleka malalamiko kwa wakubwa wa kituo.

Halafu kuna kuta. Watu wale walikuwa na muda na uchungu, na wengi wao hata kama walisoma kidogo tu, walitoka katika nchi ambayo ushairi ni sehemu ya elimu ya mtoto. Waliandika mashairi ukutani, kwa bahari zile zile za kale za Kichina. Mkuu wa kituo akaona ni uchafu, akaamuru yapakwe rangi. Wakachukua visu, wakayachonga kwenye mbao. Wafanyakazi wakaziba michongo kwa puti, wakapaka rangi tena. Wao wakachonga juu yake. Mashairi yanazungumzia safari, deni, wazazi walioachwa, hasira kwa nchi iliyowaita vibarua kisha ikawafungia, na aibu ya nchi yao wenyewe kuwa dhaifu kiasi cha kudharauliwa ng'ambo. Mengi hayana jina la mtunzi, kwa sababu aliyejitaja angeweza kuiharibu kesi yake. Hadi sasa yametambuliwa zaidi ya 200. Mwanga ukiyapiga kwa upande, herufi zinajitokeza chini ya rangi, na mtu asiyejua hata alama moja ya Kichina anaweza kuona mahali kisu kilipotelezea.

Wachina ndio walioteswa zaidi na maswali, lakini hawakuwa peke yao. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu nusu milioni kutoka nchi 80 walipitia kituo hicho wakiingia au kutoka, na kama 300,000 walizuiliwa kwa muda mfupi au mrefu. Walikuwamo Wajapani, wakiwamo maelfu ya mabibi harusi waliowajua waume zao kwa picha tu. Walikuwamo Warusi waliokimbia mapinduzi, Wakorea, Wafilipino na Wamexico. Abiria wa daraja la kwanza na Wazungu wengi walikaguliwa melini na kushukia mjini. Kisiwani walipelekwa wengine, wakavuliwa nguo mbele ya madaktari, na kutakiwa kutoa choo kitafutwe minyoo ya safura. Hospitali ilikuwa na milango miwili, wa Wazungu na wa Waasia.

Walikuwamo pia Wapunjabi. Hao tunawafahamu, maana kizazi kile kile cha watu wa Punjab ndicho kilichotandika reli kutoka Mombasa hadi ziwa Nyanza. Ndugu zao waliofika California walikataliwa kwa hoja tofauti: watakuwa mzigo kwa umma. Hoja hiyo ilikuwa na unyumbufu wa ajabu. Mwaka 1915 alifika Vaishno Das Bagai na mkewe Kala na watoto wao watatu, wakiwa na dola 25,000 za dhahabu, mali kubwa sana siku hizo, na bado wakazuiliwa. Baadaye alipata uraia. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Wahindi si watu weupe kisheria, akanyang'anywa uraia na biashara yake, na mwaka 1928 akajiua. Kala Bagai aliishi, akalea watoto, na leo mji wa Berkeley, ambao majirani wake walimfukuza asihamie, una barabara yenye jina lake.

Si kila mfanyakazi wa kituo alikuwa na moyo wa chuma. Binti mmoja mzaliwa wa San Francisco, Tye Leung, aliajiriwa hapo mwaka 1910 kuwasaidia na kuwatafsiria wanawake. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya China kuajiriwa na serikali kuu ya Marekani, na mwaka 1912 alipiga kura ya mchujo wa uchaguzi wa rais, miongoni mwa wanawake wa Kichina wa kwanza kabisa kufanya hivyo. Akapendana na ofisa wa uhamiaji, Charles Schulze, mtu mweupe. California ilikataza ndoa hiyo, wakaenda kufunga jimbo la Washington. Waliporudi, wote wawili walipoteza kazi.

Na mtoto mmoja aliyepita hapo umeiona kazi yake, hata kama jina lake hujalisikia. Mwaka 1920 Tyrus Wong, mwenye umri wa miaka tisa au kumi, alifika na baba yake kwa jina la karatasi, Look Tai Yow. Baba aliruhusiwa kuingia mjini, mtoto akabaki bwenini peke yake kiasi cha mwezi mmoja, hadi alipohojiwa na kupita. Alikua mchoraji, na ule msitu wenye ukungu katika katuni ya Bambi ya mwaka 1942 ulitokana na michoro yake. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 106. Mtihani wa Angel Island, kama ungefanya kazi yake ilivyokusudiwa, ungemrudisha China.

Mwisho wa kituo uliletwa na moto, kama mwanzo wa watoto wa karatasi. Agosti 1940 jengo la utawala liliungua, na kufikia Novemba waliozuiliwa wote walihamishiwa bara. Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi liliweka mateka pale. Mwaka 1943 sheria ya kuwazuia Wachina ilifutwa, kwa sababu China sasa ilikuwa mshirika vitani, lakini nafasi walizopewa zilikuwa 105 kwa mwaka. Usawa ulisubiri sheria ya mwaka 1965.

Watoto wa karatasi hawakupumua hata baada ya hapo. Mwaka 1956 serikali ilianzisha mpango wa kukiri: ukisema jina lako la kweli na kuwataja wenzako wote wa karatasi, huenda ukarekebishiwa hali yako. Karibu watu 14,000 walikiri, na ukiri wao ukawafichua wengine wengi zaidi. Familia zilinuniana miaka mingi. Wapo wazee waliokufa bila kuwaambia watoto ukoo wao ni upi, na katika makaburi ya California yapo mawe yenye jina la kuingilia kwa Kiingereza, na jina la kuzaliwa kwa Kichina.

Bweni lenyewe lilikuwa libomolewe. Mwaka 1970 mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, aliingia na tochi, akaona maandishi ukutani. Wakubwa wake hawakuona la maana. Akamwambia profesa wa chuo kikuu, George Araki, ambaye alimleta mpiga picha, na habari ikawafikia wajukuu wa waliofungwa mle. Wanafunzi na wazee wakadai jengo lisiguswe, na mwaka 1976 bunge la California likatenga dola 250,000 za kulihifadhi. Sasa ni makumbusho, na mwaka 2022 ile hospitali yenye milango miwili nayo ilifunguliwa kwa wageni.

Msikilizaji, mpaka hapa huenda unasema: hayo ni ya Wamarekani na Wachina. Subiri kidogo.

Mwaka 2008 hapo hapo Nairobi serikali ya Marekani ilianza kupima vinasaba vya wakimbizi walioomba kuwafuata jamaa zao Marekani. Familia nyingi hazikuthibitika, wakihesabiwa humo waliokataa kupimwa na wasiotokea, na mpango wote ukasimamishwa miaka kadhaa. Palikuwa na udanganyifu, ndiyo. Lakini nani kati yetu hajui nyumba yenye mtoto wa marehemu dada, aliyenyonyeshwa pamoja na watoto wa kuzaliwa, anayemwita mama yule aliyemlea? Vita vimeongeza watoto kama hao kwa maelfu. Maabara ilisema si mtoto wako. Swali lilikuwa la damu, na ukweli wa nyumba ulikuwa wa malezi.

Au fikiria ndugu zetu Wakongo, wanaonena Kiswahili hiki hiki katika kambi za Nyarugusu na Kakuma. Mwaka 2016 walikuwa kundi kubwa kuliko jingine lolote la wakimbizi waliopokewa Marekani. Kila mmoja alipita kwenye usaili baada ya usaili: kijiji kilishambuliwa siku gani, mwezi gani, ulikimbia na nani? Wengi wana tarehe moja ya kuzaliwa, 1 Januari, kwa sababu fomu haikubali mtu azaliwe msimu wa mavuno.

Na tusijifiche nyuma ya Wamarekani. Sisi nasi tuna mihuri. Nchini Kenya Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, kwa miaka mingi walipigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Kijana aliyezaliwa Nairobi, na baba yake kazaliwa Nairobi, aliulizwa karatasi za babu aliyeishi enzi ambazo karatasi hizo hazikutolewa. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto hao. Kwa upande mwingine, Tanzania iliwahi kuonyesha njia: ilikubali kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia mwaka 1972 na uzao wao, waliokuwa wakilima Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi haikuanguka. Watu wakaendelea kulima, sasa wakiwa raia.

Kila nchi ina haki ya kumuuliza anayebisha hodi yeye ni nani, na sitaki kuikana haki hiyo. Angel Island inatufundisha namna ya kuuliza. Swali la haki ni lile ambalo mkweli anaweza kulijibu bila kukariri. Likiwa la kumtega mwongo tu, litamnasa mkweli, kwa kuwa mwongo amelisoma usiku kucha. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaa nyuma ya madirisha ya vitambulisho, ya pasipoti na ya hifadhi ya wakimbizi, kuanzia Namanga hadi Kigoma, kuanzia Garissa hadi Rusumo: kabla hujamuuliza mtu swali kuhusu kwao, jiulize kama wewe mwenyewe ungeweza kulijibu kuhusu kwenu. Usipoweza, lifute kwenye fomu.